Kizibo cha Rangi ya Ngozi

Pwf! Pwf! Sauti ilitoka bafuni kabla hakujapambazuka. Kwamboka aliwasha taa, akamkuta bintiye Moraa ameinamia beseni la maji, anakohoa, macho mekundu.

"Unafanya nini, mami?"

"Najifunza kuwa nguva bila kuziba pua. Kocha anasema kizibo changu kinaonekana. Nikikivaa Jumamosi, siingii kwenye onyesho la nguva bwawani."

Kwamboka alipandwa na hasira. Kizibo kile alikinunua mwenyewe, na pakiti iliandikwa "rangi ya ngozi." Ngozi ya nani? Puani mwa Moraa kilikuwa cha waridi kama chingamu iliyotafunwa!

Alitoa silikoni laini anayozibia masikio akilala mchana, baada ya zamu ya usiku ya kuwatunza wazee. Akaikanda na kakao. Kakao ikachujuka majini. "Nkt!" Akachukua poda yake ya uso, ya kahawia, ya kwendea kanisani, akaimwaga yote, akakanda kwa ngumi kana kwamba anampiga mtu. Akafinyanga vipira viwili, akaviunganisha kwa ukanda mwembamba wa kupita chini ya pua, visije vikapotelea ndani.

Jumamosi, kwenye bwawa kule Bloomington, Kwamboka alisimama kando, uso umekunjwa bila poda. Kocha aliinama, akamkagua Moraa aliyekwisha kuvaa mkia wake.

"Leo umeamua kuogelea bila kizibo?"

Moraa alimtazama mamake, kisha akajibu kwa sauti iliyosikika bwawa zima:

"Kizibo kiko puani mwangu."