Samoni Wavuka Barabara ya Toivo

Miaka miwili nilimbembeleza Toivo Rautio atie saini, na miaka miwili mzee huyo alinijibu jambo lile lile: "Nionyeshe samoni mmoja shambani kwangu, Corinne, nitasaini hata kwa kidole cha mguu."

Angemwona wapi? Chini ya barabara yake kijito kinapita kwenye kalvati, bomba jembamba la chuma lililoning'inia juu ya maji. Samoni akitoka baharini kwenda kutaga anaruka, anagonga kichwa, anageuza. Nilikuwa nimeomba ruzuku ya dola laki nne tuling'oe tujenge daraja. Bila saini ya mwenye shamba, ombi lingefutwa saa kumi jioni ile, na wakaguzi wa ruzuku walikuwa wamekwisha kufika, wanalowa mvua ya Novemba, huku mimi nikichekacheka ovyo.

"Saini iko wapi?" akauliza Bwana Lockridge, kiongozi wao.

"Inakuja."

"Haiji ng'o!" akadakia Toivo kutoka getini.

Kijito kilikuwa kimefurika hadi juu ya lami. Ghafla mgongo wa samaki ukapita ukikata maji, katikati kabisa ya mstari wa njano. Akafuata wa pili. Wa tatu akamgonga Lockridge kwenye gambuti.

"Mama yangu wee!" akapiga kelele, mtu mzima yule.

Nilicheka hadi nikashika mbavu. Samoni mmoja aliingia malishoni, akawa anapigapiga mkia kwenye nyasi katikati ya ng'ombe. Toivo, miaka sabini na tisa, akatimua mbio, akaanguka, akainuka amemkumbatia.

"Leta hiyo karatasi!"

Alisaini juu ya mgongo wa Lockridge. Nikambusu shavuni. Yeye akafuta pua, akapanda katapila lake na kuliwasha.

"Mzee, unafanya nini?"

"Naling'oa! Sasa hivi!"

Kazi ikianza kabla ya mkataba, ruzuku hupati hata senti. Nikajitupa ndani ya kijiko cha katapila.

"Usiguse! Hata tope usiguse!"

"We si umenisumbua miaka miwili litoke?"

"Sasa nakusumbua libaki! Hadi Julai, mkataba ukishatoka!"

"Na hawa samaki wasubiri Julai, una wazimu?"

Lockridge akakohoa. "Kubeba samaki kunahitaji kibali," akasema, naye ameshainama, samoni kamjaa mikononi. "Kwa hiyo hatubebi. Tunawaonyesha njia."

Tuliwaonyesha njia samoni kumi na tisa, hadi ng'ambo ya juu ya bomba. Nilichapwa mkia usoni mara tatu na sijapata kufurahi vile.

Wa mwisho, jike, alipelekwa na Toivo, naye hakurudi. Nilimkuta amesimama majini hadi mapajani, akimtazama akifukua kokoto kwa mkia, anaandaa mahali pa mayai.

"Nilikuwa na miaka kumi na sita," akasema. "Bomba lile tulililaza mimi na baba. Alisema samaki watapata mto mwingine."

Nikaingia majini, nikamshika mkono.

"Julai, wa kwanza kuling'oa ni mimi," akasema.

"Wakitupatia hizo fedha, mzee."

"Hata wasipotupatia."