Gitaa Limetoka Kwenye Mkanda

"Limetoka," alisema Vitalis. "Gitaa la solo limetoka kwenye mkanda."

Fundi Fakihi aliacha kupangusa vumbi la redio akamtazama. Pale mjini Newala amewahi kuletewa redio zilizoingiwa na mende, zilizomwagiwa uji, hata moja iliyolaliwa na mbuzi. Redio iliyotorokwa na gitaa hakuwahi kuletewa.

"Limetoka likaenda wapi, Baba Rose?"

"Fundi ni wewe. Besi ipo, ngoma zipo, mwimbaji nampata kwa mbali. Gitaa hakuna. Mara ya tatu hii natoka Mnyambe kuja kwako. Kama ulichomoa kifaa ukaweka kingine, sema tu, tusigombane."

Maneno yale yalimchoma Fakihi, lakini alishika bisibisi akaifungua redio. Huwezi kumjibu ovyo mtu wa umri wa baba yako, hasa huyu ambaye vijana wote wa bodaboda wanamwita Mzee Roki na yeye anaitika kwa furaha.

Muziki huo wa roki Vitalis aliletewa na kaka yake. Oscar alirudi kutoka migodi ya shaba ya Zambia mwaka 1980, amevaa suruali ya bugaluu inayofagia njia, na ndani ya begi ana kaseti moja ya bendi ya vijana wa kule. Ilikuwa na gitaa la ajabu, linakwaruza, linapinda, linalia mpaka unageuka kutazama nani kapigwa. Wazee walisema ni muziki wa wendawazimu. Vitalis alikuwa na miaka kumi na mitano, akaupenda siku ile ile, na mpaka leo hajapona. Likifika gitaa la solo, Oscar alikuwa akifumba macho, anashika gitaa lisilokuwepo, analifuata kwa mdomo, nyee, nyeee, huku watoto wanakufa kwa kicheko.

Oscar alifariki mwaka 1994. Bugaluu ilichakaa, begi likaliwa na mchwa, ikabaki kaseti. Mkanda ulipoanza kuchoka Vitalis aliuhamishia kwenye kaseti nyingine, na nyingine tena, mara nne, kwa uangalifu wa mtu anayehamisha kifaranga. Kila gitaa lilipoanza, alimwona kaka yake amefumba macho. Sasa tangu gitaa linyamaze, uso wa Oscar nao ulikuwa unamtoka. Wiki iliyopita alijaribu kuyakumbuka meno yake akashindwa. Hilo ndilo lililomtia hofu.

Fakihi alisafisha kwa spiriti kichwa cha redio, kile kinachosoma mkanda, akarudisha mkanda, akabonyeza. Besi ikatembea. Vitalis akainamisha kichwa, akangoja.

Naima, muuza vitumbua wa kibanda cha pili, alitokeza mlangoni ameziba sikio moja. Midomo yake ilicheza, akaondoka.

"Kasema nini yule?"

"Kasema tupunguze sauti," Fakihi alijibu polepole. "Kasema hilo gitaa linamkwaruza meno."

Vitalis alicheka. Alidhani anataniwa.

Simu ya Fakihi ikawaka taa juu ya meza, karibu kabisa na mkono wa mzee. Fakihi aliiacha. Iliwaka, ikazimika, ikawaka tena.

"Mbona hupokei? Halafu umeitoa mlio, si utapoteza wateja hivyo?"

"Sijaitoa mlio, Baba Rose. Inaita."

Wakatazamana. Fakihi akazima redio, akavuta kigoda karibu, akaongeza sauti.

"Kazi ya kupulizia mikorosho umeianza lini?"

"Huu msimu wa kumi na tisa."

"Na ile mashine, injini yake iko hapa?" Fakihi alijigusa nyuma ya shingo.

"Mgongoni, ndiyo. Kwani wengine wanaibeba wapi?"

"Masikioni unaweka nini?"

"Nafunga kitambaa puani. Salfa inaingia puani, haiingii masikioni."

Alilisema kama anamfundisha mtoto. Kisha maneno yake mwenyewe yakamfikia. Asubuhi zote zile kabla ya jua, umande ungali kwenye majani, anakaza kitambaa puani mara mbili, mkewe Anjelina anakikagua, halafu anavuta kamba na injini inaanza kunguruma nyuma ya kichwa chake mpaka saa nne. Misimu kumi na tisa. Pua yake ilikuwa nzima kabisa.

"Nenda hospitali wakupime masikio," Fakihi alisema. "Kelele za injini huanza kula sauti nyembamba, nene zinabaki. Redio hii ni nzima. Ilikuwa nzima toka mara ya kwanza."

"Nisamehe, mwanangu. Nilikuita mwizi."

Nyumbani Mnyambe alimkuta Anjelina anaanika makopa ya muhogo uani. Aliweka redio juu ya kinu kilichofunikwa, akabonyeza.

"Mama Rose, wewe unalisikia gitaa?"

"Nnalisikia."

"Siku zote?"

"Siku zote lipo." Anjelina alijifuta unga mikononi. "Wewe ukasema redio mbovu. Na mambo ya muziki unayajua wewe, mie nani nikubishie?"

"Na Rose, akipiga simu? Nilimfokea kwamba ananong'ona."

"Hanong'oni, Baba Rose. Anapiga kelele mpaka jirani wanamsikia. Akikata, analia."

Vitalis alikaa chini, palepale kwenye vumbi, akalia bila kujificha. Alimlilia Rose, akajililia mwenyewe, akamlilia Oscar kuliko siku ya mazishi. Anjelina hakumwambia nyamaza. Aliketi karibu yake, bega kwa bega, mpaka upande ule wa mkanda ukaisha, kisha akanyoosha mkono akaurudisha mwanzo.

"Likifika, niambie," Vitalis alisema.

Walingoja. Besi ilitembea.

"Limefika."

Aliugeuza uso kumtazama, na akaona kitu ambacho katika miaka thelathini na miwili ya ndoa hakukitegemea. Anjelina, aliyeusikia mkanda ule jikoni akipika, akitwanga, akinyonyesha, alikuwa amefungua mdomo, analifuata gitaa kwa sauti. Mishipa ya shingo ilimtoka. Alikuwa analijua lote, kila linapopinda.

Vitalis alisikia besi tu. Alinyanyua mkono wake mgumu, akaweka vidole kwenye koo la mkewe. Palitetemeka. Palipanda, pakashuka, pakapanda tena, kisha pakatulia. Hakuuondoa mkono. Alisubiri mpaka Anjelina alipovuta pumzi akaendelea.