Jukwaa la Upande wa Kamera

Zamu ya usiku ikitoka, kila mtu anavua buti na kuzipindua mbele ya walinzi, asije akatoka na shaba ya kampuni. Chisenga alikuwa ameshavua ya kulia alipomwona Bwana Siame amesimama nyuma ya walinzi, shati limepigwa pasi, funguo za gari zinazunguka kidoleni.

"Baba Mwaba," Siame aliita. "Maliza, nina maneno na wewe."

Chisenga akaingiwa na wasiwasi kwa kuitwa hivyo. Siku zote Siame humwita "wewe wa mkandani."

Siame alikuwa na vyeo viwili. Kwa mkandarasi anayefagia mawe yanayodondoka chini ya mikanda inayoyabeba mgodini, yeye ndiye ofisa ajira. Kwa klabu ya Nyati wa Chilando, yeye ndiye katibu. Hivyo ndivyo mambo yalivyo tangu mgodi ulipouzwa: aliyekupa ufagio asubuhi ndiye anayekuuzia tiketi mchana.

"Leo runinga wanakuja," Siame alisema. "Na kuna kampuni inataka kuidhamini timu. Wakubwa wao watatazama wakiwa Lusaka. Nataka jukwaa la wazi lijae, lile linalotazamana na kamera."

"Lijae, bwana? Mechi iliyopita tulikuwa tunaitana kwa majina, kutoka goli hili mpaka lile."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Zamani ulikuwa ukigusa ngoma tu, mji mzima unatoka. Leo mlango bure. Wewe niletee watu."

"Mechi saa ngapi?"

"Saa saba."

"Saa saba, na jua hili la Oktoba?"

"Saa ni za runinga, si zangu." Siame akazishika funguo zisiendelee kuzunguka. "Mkataba wako unaisha mwezi huu, sivyo? Jumatatu nakaa kuamua nani anabaki. Jukwaa likijaa, umebaki. Lisipojaa, sitakudanganya."

Chisenga alivaa buti. Mkataba wake ulikuwa wa miezi mitatu mitatu, na umerudiwa hivyo tangu mwanawe Mwaba anaanza shule ya msingi hadi sasa anamaliza sekondari. Hana likizo, hana kiinua mgongo, na akiugua ni shauri yake. Lakini ndio huo huo mkataba uliokuwa ukiingiza unga ndani ya nyumba.

Nyumbani alioga, akala ugali na dagaa wa jana, akamweleza mkewe.

"Kwa hiyo leo umekuwa mpiga debe," Mama Mwaba alisema.

"Nimekuwa mpiga debe."

"Basi ukifika kwa Kapasa usianze na habari za Nyati. Watakucheka kabla hujakaa."

Hakumsikiliza. Kilabu cha Kapasa kilikuwa kimeshafunguliwa, pakiti za pombe ya mahindi zimepangwa juu ya friji, na vijana wamekaa mbele ya runinga na jezi zao za Uingereza. Mechi yenyewe ilikuwa bado saa kadhaa. Walikuwa wanawasikiliza watu wanaoizungumzia.

"Jamani, Nyati leo wako nyumbani," Chisenga alisema. "Mlango bure."

Wakacheka.

"Mzee, Nyati wale wanacheza kama watu wanaotafuta funguo kwenye nyasi," kijana mmoja alisema.

"Mwache," mwenzake akamjibu. "Juzi walipiga pasi mbili mfululizo. Kocha akapandwa na presha."

Kapasa mwenyewe hakucheka. Alikuwa rika la Chisenga, na miaka ile walipokuwa vijana alikuwa akibeba bendera ya Nyati. "Kaka, nikueleze ukweli," alisema huku akipangusa kaunta. "Hapa mtu ana kiti, ana choo, ana kivuli. Timu yake ikimuudhi anageuza shingo. Kule choo kilifungwa, bomba la maji liling'olewa, na mechi yenyewe hujui ni lini. Mara Jumatano saa nane, watu wako shimoni. Mara Jumapili, watu wako kanisani. Siye tulioacha hatukuuacha mpira. Mpira ndio uliotuhama."

"Sikuja kuitetea klabu, Kapasa. Siame amenitia kitanzi. Jukwaa lisipojaa, mkataba basi."

Kapasa akaacha kupangusa. Aliwatazama wale vijana, akatazama runinga. Halafu akachukua kifaa cha kuizimia, akaizima.

"Wee, Kapasa!"

"Nafungua tena saa kumi. Anayetaka kukaa na kiza akae. Mimi nakwenda uwanjani na baba Mwaba."

Mama Lombe alikuwa mgumu zaidi. Alikuwa kibarazani kwake anakaanga vitumbua, na hakuinua macho kutoka kwenye mafuta.

"Mimi na ule uwanja tulishaachana," alisema. "Watoto wangu wanne wamesoma kwa vitumbua vya pale getini. Msimu uliopita wakaja na karatasi yao: anayeuza ni mdhamini wa soda peke yake. Nikasema sawa, mimi siuzi soda. Wakapiga teke karai. Mafuta ya moto, baba Mwaba, yalipita hapa." Akaonyesha kifundo cha mguu. "Niende nikampigie makofi nani?"

"Mimi," Chisenga alisema, akamweleza.

Mama Lombe alikigeuza kitumbua kimoja, akakigeuza tena ingawa kilikuwa kimeshaiva. "Huyo Siame mama yake nilimfahamu," alisema. "Alikuwa mtu mzuri." Akafunika karai. "Nitakuja na wanawake wa kwaya. Lakini ujue ni kwa ajili yako, si kwa Nyati."

Ndivyo ilivyokuwa nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyeuliza Nyati wanacheza na nani. Kila mmoja alikuwa na donge lake: huyu alitozwa mlangoni mara mbili, yule alirushiwa maji ya kuwasha siku timu iliposhuka daraja, mwingine mwanawe aliichezea timu akavunjika mguu na hakuna aliyekuja hospitali hata na chungwa. Na kila mmoja, akisikia neno mkataba, alitafuta kofia.

Wa mwisho alikuwa Mzee Kunda. Alifanya kazi chini ya ardhi tangu ujana, akatoka na vumbi kifuani, na fidia yake inashughulikiwa hadi leo. Alikuwa amekaa mlangoni akivuta pumzi taratibu, kama mtu anayekunywa uji wa moto.

"Wewe mzee nimekuja kukusalimu tu," Chisenga alisema. "Jua la leo si lako."

"Nani kakwambia? Ule uwanja nina tofali langu pale."

Hapo hakuwa anatia chumvi. Wakati mgodi ni wa serikali, kila mchimbaji alikatwa kwenye mshahara kila mwezi kwa ajili ya uwanja na klabu. Walikubaliana mkutanoni kwa kunyoosha mikono. Kwa makato hayo majukwaa yalipandishwa, paa likaezekwa, vyoo vikajengwa, wachezaji wakalipwa. Mchimbaji alikuwa akiingia na mkewe na watoto na hakuna aliyemuuliza tiketi, kwa sababu aliilipa akiwa shimoni. Mgodi ulipouzwa, uwanja ulikwenda nao, kama kiti kinavyokwenda na meza. Wanunuzi hawakumuuliza mtu, na waliouza hawakumwambia mtu. Leo wakubwa wa mpira wanaitisha mikutano Lusaka, wanakunywa chai na kuulizana kwa nini watu wa Ukanda wa Shaba wamepoteza mapenzi na mpira.

Saa saba kasoro walikuwa wamefika. Hawakuwa mji mzima, lakini jukwaa la wazi lilishika watu kutoka kona hadi kona: wanakwaya na vitenge vyao, vijana wa Kapasa na jezi za Uingereza, wazee, watoto. Siame alisimama chini akiwapanga kwa mkono. "Sogeeni katikati, kamera inaanzia pale. Mwenye mwavuli afunge, unaziba nyuso."

Saruji ilikuwa imepata moto hata kuikalia ilikuwa kazi. Ng'ambo, chini ya kamera, lilikuwa jukwaa lenye paa. Viti vya plastiki vilikuwa vimevikwa vitambaa vyeupe, kwa ajili ya wageni ambao walikuwa Lusaka. Hakukuwa na mtu hata mmoja.

Chisenga alipiga ngoma. Mwanzoni mikono ilikuwa mizito, kisha ikakumbuka. Wanawake wakaitikia, na hata wale vijana, waliokuwa wakiimba kwa dhihaka, baada ya muda wakasahau dhihaka. Siame alimwonyesha dole gumba.

Nyati walikuwa hawajapiga shuti hata moja Mzee Kunda aliposimama. Aliteremka ngazi kwa makalio, moja moja, akazunguka nyuma ya goli akishika ukuta, kuelekea kivulini.

Simu ya Siame ikalia. Akasikiliza, akamjia Chisenga mbio. "Yule mzee wako anapita mbele ya kamera. Mrudishe. Na kule haruhusiwi mtu."

Chisenga alimkuta Kunda ameshika nguzo ya paa. Mlinzi mwenye kizibao cha rangi ya chungwa alikuwa amemzuia.

"Mzee, nisamehe, huku ni kwa wageni."

"Mimi ni mwenyeji, kijana," Kunda alisema, neno moja kwa pumzi moja. "Mgeni akija, nitampisha."

Midomo yake ilikuwa na rangi ya jivu. Chisenga alitafuta bomba. Pale lilipokuwa palibaki tundu ukutani. Akamtazama yule mlinzi.

"Mwache akae."

"Nitafukuzwa, baba Mwaba."

"Basi sema nimekusukuma."

Kijana akasogea pembeni. Kunda akakaa kwenye kitambaa cheupe, akafumba macho. Chisenga alisimama hapo kidogo. Kutokea kivulini aliwaona watu wake kama Lusaka walivyokuwa wanawaona: wamebanwa katikati, wamefunga miavuli, wanameta kwa jasho, wanaimba.

Alirudi jukwaa la wazi. Siame alikuwa anamngoja.

"Yuko wapi?"

"Amekaa."

"Nimekwambia umrudishe."

Chisenga alining'iniza ngoma begani, akawageukia watu. "Tunahamia kivulini," alisema.

Mama Lombe alimshika mkono. "Baba Mwaba. Jua tunaliweza. Tumekuja kwa ajili ya kazi yako."

"Najua, mama."

"Unajua unachofanya?"

"Najua."

Mama Lombe akamtazama usoni, kisha akafungua mwavuli wake. Wanakwaya wakasimama nyuma yake. Kapasa akawafuata, na vijana wake, na wengine wote, wakizunguka nyuma ya goli mpira ukiendelea, hata kipa wa wageni akageuka kuangalia. Siame alisimama mbele yao na mikono yote miwili imenyooshwa. Walimpita kushoto na kulia, na wengine walimsalimu.

Chini ya paa sauti ilikuwa kubwa zaidi. Walijaza viti, walijaza ngazi, wakaimba nyimbo ambazo vijana hawakuwa wanazijua na wakazishika njiani. Juu yao kamera ilikuwa inaonyesha kile kilichokuwa mbele yake: saruji tupu.

Nyati walifunga goli la kona, la kubahatisha, likigonga goti la mtu. Mfungaji alikimbilia jukwaa la wazi, kama walivyoelekezwa na klabu. Akafika kwenye ukuta, akakuta hakuna mtu. Alisimama pale sekunde kadhaa, mikono juu. Halafu akageuka, akaukata uwanja mzima akikimbia, na wenzake wote wakamfuata, mpaka wakapotea chini ya kamera.

Siame alipanda ngazi, simu mkononi, shati limelowa.

"Lusaka wanauliza uwanja mtupu unaimba vipi," alisema.

"Umewajibuje?"

Siame aliitazama ngoma, akawatazama wale wanawake, akaona wanamtazama, akateremsha sauti. "Jumatatu usijisumbue kuja getini."

"Nimesikia, bwana," Chisenga alisema.

Kipindi cha pili kilikuwa bado kizima. Akapangusa viganja kwenye suruali, akaendelea kupiga.