Kichaka cha Nyuma ya Kiwanda cha Jibini

Lavonne alipofiwa na baba yake, shamba lote lilikwenda kwa Merle, mdogo wake wa kiume, naye akapewa upinde wa marehemu kwa sababu Merle hakuutaka. Hakuna aliyeona ajabu. Ndivyo ukoo wao, akina Prochaska, walivyofanya tangu babu alipohamia Wisconsin, Marekani: ardhi kwa wana wa kiume. Na Lavonne mwenyewe, mtalaka wa miaka hamsini na ushei aliyekuwa akifunga soseji kiwandani, alishukuru, akauning'iniza ule upinde juu ya mlango wa jikoni.

Kilichomuuma kilikuja baadaye. Merle alikodisha vilima vya shambani kwa madaktari wa Chicago waliotaka mahali pa kuwinda kulungu, na vuli ile Lavonne alipokwenda na upinde wake, alikuta mabango ya kukataza watu yamepigiliwa kwenye miti aliyokuwa akiikwea kuvizia wanyama tangu utotoni.

"Ningekuachia, dada," Merle alimwambia, "lakini mkataba ni mkataba. Nenda msitu wa serikali, kuna nafasi tele."

Msitu wa serikali ulikuwa na watu wengi kuliko kanisa siku ya Pasaka. Lavonne alikwenda mara mbili, mara zote mbili akakuta mtu ameketi juu ya mti aliouchagua. Hapo ndipo alipoanza kuangalia sehemu ambazo wanaume wa pale kijijini Halvor hawakuziangalia. Alijiambia kwamba kulungu dume hazeeki kwa kukimbia mbio sana. Huzeeka kwa kulala pale ambapo hakuna mtu anayejisumbua kuingia. Basi akawa anapunguza mwendo wa gari kwenye pembe za barabara kuu, nyuma ya majalala, kando ya mabwawa ya majitaka. Madereva walimpigia honi na kumtukana.

Theluji ya kwanza ndiyo iliyomwonyesha. Nje kidogo ya kijiji kulikuwa na kiwanda cha jibini kilichofungwa zamani, bati lake limeoza, na nyuma yake kichaka cha mierebi na matete kisichozidi uwanja wa kanisa, kimebanwa kati ya barabara na tuta la reli. Upande wa kaskazini kilipakana na mfereji na shamba la soya. Watu walitupa huko friji mbovu na magodoro. Asubuhi hiyo, akielekea kazini, Lavonne aliona mstari wa nyayo umevuka theluji kutoka kwenye soya. Nyayo pana, nzito. Zinaingia, hazitoki.

Kiwanja kilikuwa cha Bibi Ardis Tollefson, mjane wa aliyekuwa meneja wa kiwanda. Lavonne alimpelekea keki ya tufaha na kumwomba ruhusa.

"Kuwinda? Pale?" Bibi Ardis alicheka mpaka akashika ubavu. "Mwanangu, utapata panya na chupa za bia. Haya, nenda. Tangu mume wangu afe hakuna mtu aliyeniomba kitu chochote kuhusu pale mahali."

Mwaka wa kwanza alimwona yule dume mwenye zile nyayo mara moja tu, akamwacha, maana ingawa mwili ulikuwa mkubwa alikuwa bado kijana, pembe zake nyembamba kama vijiti vya kufumia. Mwaka wa pili alimjia karibu kabisa lakini amemwelekezea kifua badala ya ubavu, na Lavonne hakuwa mtu wa kupiga mshale wa kubahatisha. Alijifunza kwamba lazima upepo utoke kaskazini, umpitie mnyama kwanza ndipo umfikie yeye aliyeketi karibu na ukuta wa kiwanda. Upepo ukigeuka, alirudi nyumbani, hata kama alikuwa ameomba ruhusa kazini na kukatwa malipo ya siku hiyo. Alijua mierebi ambayo dume alipenda kuikwaruza kwa pembe, maganda yakabaki yananing'inia. Mwaka wa tatu dume alikuwa amekomaa. Shingo imemvimba, matawi ya pembe yamejaa kichwa kizima, na anatembea kama mwenye nyumba.

Hakumwambia mtu. Si kwa uchoyo. Alikuwa hajawahi kuwa na kitu chake peke yake, na aliona raha kukaa nacho kimya.

Kisha Janelle, mke wa Merle, akachukua watoto akaenda kwa mamake Minnesota. Merle alikuja jikoni kwa Lavonne jioni moja ya Oktoba, hajanyoa, akaketi na kofia yake kichwani, akalia. Lavonne alikuwa hajamwona akilia tangu alipovunjika mkono utotoni. Alimpa supu. Alimsikiliza. Maneno ya faraja yalipomwishia, alisema kitu ambacho hakukipanga.

"Vaa koti. Nataka kukuonyesha kitu."

Walikaa ndani ya pikapu ya Lavonne kando ya ukuta wa kiwanda, taa zimezimwa, jua linazama. Dume alitoka kwenye matete taratibu, akasimama ukingoni mwa soya, akanusa hewa. Merle alishika dashibodi kwa mikono miwili.

"Mama yangu wee," alinong'ona. "Dada, huyu umemtoa wapi?"

Naye Lavonne, kwa furaha ya kuulizwa, akamweleza yote: jinsi dume anavyozeeka, nyayo kwenye theluji, upepo, panya wa Bibi Ardis, jinsi kila mtu anavyopita pale na redio imefunguliwa. Merle alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu mkewe aondoke, na Lavonne aliona amefanya vizuri.

"Hapa ni pangu lakini, Merle. Umeelewa?"

"Dada, acha bwana. Kwani mimi ni mtu wa namna gani?"

Wiki mbili baadaye, siku ambayo upepo ulivuma kutoka kusini tangu alfajiri, simu ya Merle ilimkuta Lavonne akivua aproni kwenye kiwanda cha soseji.

"Dada, nimempiga mmoja," Merle alisema, anahema. "Nimempoteza. Njoo unisaidie."

"Uko wapi? Kwenye vilima vya madaktari?"

"Njoo pale kwako, kichakani."

Alipofika, Merle alikuwa amesimama kati ya magodoro na upinde mpya wa kufyatua kama bunduki. Alisema alimweleza Bibi Ardis kwamba yeye ni mdogo wake Lavonne, na bibi akamwambia aingie tu. Alisema alitaka kujaribu mara moja, wala hakutegemea. Alisema dume alitokea amefuata jike, amepumbaa, hata hakunusa. Miaka mitatu Lavonne alikuwa akirudi nyumbani kwa sababu ya upepo kama ule.

Lavonne aliinama. Aliuchukua mshale uliokuwa chini, akaunusa. Ulikuwa na utando wa kijani, unanuka.

"Umempiga tumbo," alisema. "Ulimfuata papo hapo?"

"Niliona anayumba, nikadhani..."

"Ulimfuata papo hapo, Merle?"

"Ndiyo."

Mnyama aliyepigwa tumbo huachwa alale. Ukimkimbilia, huenda mpaka anapofia na hujui ni wapi. Lavonne angeweza kuingia garini na kuondoka. Alifikiria kufanya hivyo, funguo ziko mkononi. Lakini kulikuwa na dume mle ndani mwenye mshale umempita matumboni, na huyo hakuwa na kosa. Akapiga magoti.

Damu ilikuwa tone hapa, tone pale, kisha ikakatika. Merle alitembea nyuma yake akikanyaga kila kitu na kuomba radhi. Lavonne aliacha kutafuta damu, akafikiria kiu. Akashuka kwenye mfereji. Walimkuta chini ya karavati la reli, amelala majini, kichwa juu, hai. Pembe zake zilikuwa zimekamata majani na mfuko wa plastiki. Aliwatazama bila kujaribu kuinuka.

"Mpige tena," Lavonne alisema.

Merle aliinua upinde. Akaushusha.

"Siwezi, dada. Fanya wewe."

"Ni wako. Ulimtaka. Mpige."

Mwishowe Lavonne alilazimika kumshika kiwiko, kama baba alivyokuwa akiwashika wote wawili walipokuwa wadogo, na mshale ukaenda ulipopaswa kwenda. Maji yakatulia. Merle alikaa kwenye matope akasema "Mungu wangu, Mungu wangu," na baada ya muda sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu anayehesabu matawi ya pembe. Aliutoa ule mfuko wa plastiki. Akampangusa dume matope usoni kwa kofia yake, akampa Lavonne simu.

"Nipige picha. Hakikisha zile pembe zinaonekana zote."

Alimpiga picha.

Nyama yote ya tumboni ilikuwa imeharibika, na iliyobaki Merle hakuihangaikia, akaiacha garini siku nzima kwenye jua akikizungusha kile kichwa kijijini kukionyesha. Fundi wa kukausha wanyama alipopewa kichwa na shingo, kilichobaki kilitupwa.

Ijumaa iliyofuata Lavonne alikwenda baa ya Gordy kula samaki wa kukaanga, kama watu wote wa Halvor. Picha ilikuwa tayari ukutani juu ya chupa za brandi. Merle alikuwa amesimama kaunta, amenyoa, mashavu yana rangi, watu wamemzunguka. Madaktari wawili wa Chicago walikuwepo pia.

"Jamani, kila mtu anapita pale na redio imefunguliwa," alikuwa akisema. "Kila mtu! Lakini ukiangalia theluji ya kwanza, unaona nyayo. Zinaingia, hazitoki. Nikajiambia, dume hazeeki kwa kukimbia mbio, huzeeka kwa kulala pale ambapo hakuna anayejisumbua."

"Kichwa hicho, Merle!" mtu alipiga makofi.

Lavonne alikuwa na sahani mkononi. Yalikuwa maneno yake yale yale, hata pale alipokuwa akitua kuvuta pumzi, Merle alitua.

"Merle," alisema, "hizo nyayo uliziona mwaka gani?"

Watu waligeuka. Merle alimtazama, na kwa muda mfupi sana ilionekana kama atasema. Kisha akainua glasi.

"Huyu hapa dada yangu! Ndiye aliyenisaidia kumtafuta. Gordy, mpe kinywaji, mimi nalipa."

"Nimekuuliza mwaka."

"Wee Lavonne, wivu huo!" Gordy alimtania. "Mwache kijana afurahi, na wewe utapata wako."

Wakacheka, si kwa ubaya. Lavonne aliweka sahani kaunta na kutoka nje. Merle alimfuata mpaka kwenye magari.

"Ulitaka niseme nini mbele za watu?"

"Ukweli."

"Ukweli upi? Ulikuwa naye miaka mitatu, hukumpiga. Ulikuwa unamfuga?" Pumzi yake ilinuka brandi. "Nilihitaji kitu kimoja tu kiende vizuri mwaka huu, dada. Kimoja tu."

"Ungeniomba."

"Ungekataa."

Lavonne hakujua kama angekataa, na hadi leo hajui. Aliwasha gari.

Mama yao, Bi Delphine, alimpigia kesho yake asubuhi. Habari ilikuwa imemfikia kabla ya kahawa.

"Mwanangu, usimwaibishe mdogo wako. Unajua hali yake. Nyumba nzima, na yuko peke yake."

"Na mimi, mama, niko na nani?"

"Wewe?" Bi Delphine alishangaa kweli, kama aliyeulizwa swali la lugha nyingine. "Wewe umezoea."

Vuli iliyofuata Lavonne alipeleka keki ya tufaha kwa Bibi Ardis. Bibi aliipokea mlangoni na hakumkaribisha ndani. Madaktari wa Chicago walikuwa wamekodi kile kiwanja, Merle ndiye aliyewaleta. "Nilidhani mmekubaliana ninyi ndugu," bibi alisema, akiona haya. Lavonne alipopita pale, magodoro yalikuwa yameondolewa, mierebi imekatwa kufungua njia za mishale, na viti viwili vya chuma vimefungwa mitini. Nyayo hazikuwepo. Hakuna dume angelala mahali pasafi namna ile.

Upinde aliushusha kutoka juu ya mlango, akauweka chini ya kitanda. Kwa Merle hakuenda tena; walikutana Krismasi kwa mama, wakapitishiana viazi.

Jumapili moja ya Novemba alikuwa akimrudisha mama yake kutoka kanisani. Theluji ilikuwa imeanguka usiku. Nyuma ya maghala ya chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani, pale ambapo malori yalitupa vifusi, kulikuwa na kipande cha miiba na mierezi mibovu, hata mbwa hawakiingii. Lavonne aliondoa mguu kwenye kanyagio la mafuta bila kujua. Nyayo zilivuka kutoka shamba la mahindi, pana, zimezama mpaka chini, zikaingia kwenye miiba.

"Mbona unapunguza mwendo?" Bi Delphine aliuliza, akifuta kioo kwa glavu. "Umeona kulungu? Merle angependa kujua, ana vijana wanamsumbua wanataka pa kuwinda."

"Hakuna kitu pale, mama," Lavonne alisema, akaongeza mwendo. "Ni takataka tu."