Neno Ambalo Mashine Haikuwahi Kuambiwa

Kila asubuhi, kabla ya kazi kuanza, wafanyakazi wa kiwanda cha vipuri huko Toyohashi, Japani, walisimama mbele ya mashine zao, wakanyoosha kidole na kupaza sauti: "Yoshi!" Iko sawa, tuanze. Thoa, kijana aliyetoka Vietnam kuja kufanya kazi hapo, alifundishwa neno hilo kwao Hanoi kabla hata ya kufundishwa kuomba maji.

Mashine ya kukatia bati haikuwa sawa. Kinga yake iliondolewa ili kazi iende haraka, na sasa kisu kilishuka karibu kabisa na vidole vya dada Marivic. Hata hivyo, kila siku iliitiwa "yoshi" kama mashine nyingine.

Zamu ya Thoa ya kuongoza wito ilipofika, aliinyooshea kidole, akasema neno ambalo akina mama wa mtaani huwaambia watoto wao wakikaribia barabara.

"Abunai." Hatari.

Mashine ikajing'oa kwenye bolti zake, ikarudi nyuma, ikaenda kuketi kando ya mashine ya vinywaji.

"Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuiambia," alisema Bwana Inagaki, msimamizi.

"Imeona haya, maskini," alisema Marivic. "Iacheni ipumzike. Nami nipumzike."

"Wewe kwa kupumzika hujambo."

"Mimi sijui, bosi. Viulize hivi." Akampungia vidole vyote kumi.

Asubuhi hiyo ikawa sikukuu. Marivic aliimba. Inagaki aliwanunulia wote chai baridi, na mashine nayo ikawekewa kopo lake. Thoa aliyaambia "abunai" mafuta yaliyomwagika sakafuni, yakarudi kwenye pipa. Watu walimwita huku na huku: "Thoa, mdogo wangu, njoo uiambie na ngazi hii!"

Kesho yake kampuni ilileta mashine nyingine, nayo haina kinga, pamoja na amri kwamba wito utaongozwa na msimamizi peke yake. Inagaki akanyoosha kidole. "Yoshi!" Wote wakaitikia. Kisha Marivic akainamia chuma, akakinong'oneza kama anayemwamsha mtoto.

Mashine ikajing'oa, ikaenda kumfuata mwenzake.

Wiki ile ile zikafuata nyingine. Thoa na Marivic walikula chakula cha mchana katikati ya mashine hizo, migongo imeegemea chuma chenye vuguvugu, wakicheka hadi wali ukawapalia.

"Jamani, sogeeni kidogo," Inagaki aliziambia zilizotangulia kuketi. Zikasogea. Naye akapiga simu kuagiza mashine nyingine. Kinga hakuagiza.