Vidole vya Theluji

Siku ya Jumatatu, tarehe nne, mwezi wa tatu, mwaka 2019, mwanamke mmoja aliyeitwa Theluji alifika katika ofisi ya mafao ya uzazi akiwa amembeba binti yake mgongoni. Theluji halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa dobi, na wenzake kazini walimbandika jina hilo kwa sababu shuka zilizopita mikononi mwake zilitoka nyeupe pe, weupe wa kuumiza macho.

Likizo yake ya uzazi ilikuwa ukingoni. Karibu yote ilikwisha katika kufuatilia vyeti, maana kila alipoleta kimoja aliambiwa kimepungua kingine. Alikuwa peke yake. Baba wa mtoto alitia mguu njiani mara tu mimba ilipoanza kuonekana, na tangu hapo simu yake haikupatikana tena. Kwa hiyo Theluji alikuwa amekwisha kupanga mambo yake: mafao yakitoka, angemtafuta mlezi wa kukaa na mtoto nyumbani; yasipotoka, mtoto angekwenda naye kazini, akalale nyuma ya mashine za kukaushia nguo, penye mvuke na harufu ya dawa ya kutolea madoa. Na mtoto mwenyewe kifua chake kilikuwa dhaifu. Akikohoa, mwili mzima ulitikisika.

Siku hiyo vyeti vyote vilikuwa vimetimia. Kwenye dirisha la tatu alikaa karani, kijana mwenye miwani na sauti ya upole.

"Vizuri sana, mama. Limebaki jambo moja tu. Weka kidole hapo kwenye kioo. Cha shahada."

Theluji akaweka. Kimashine kikawaka taa nyekundu, kikalia kama kifaranga.

"Weka kingine."

Akaweka kingine, na kingine, hadi vya mkono wa kushoto. Kila mara taa ilikuwa nyekundu.

"Mama, vidole vyako vimekwenda wapi?"

"Si hivi hapa, kaka?"

"Mimi naviona. Mashine ndiyo haivioni."

Nyuma yake mjamzito mmoja akadakia, "Basi ivalishe hiyo miwani yako, labda itaona!" Foleni nzima ikaangua kicheko, na karani mwenyewe akatabasamu.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Mimi ni dobi. Mwaka wa kumi na moja huu."

"Ndiyo maana. Sabuni imekula alama za vidole." Akaligeukia jedwali lililokuwa kwenye kompyuta yake. "Lakini usiwe na wasiwasi, utaratibu unaruhusu kidole mbadala. Mlete mumeo aweke chake."

"Sina mume."

"Basi huyo mwenzi wako."

"Kaka, ningekuwa na mwenzi, yeye ndiye angekuwa amesimama kwenye foleni hii, nami ningekuwa nyumbani nanyonyesha."

"Hakuna neno, mama, nakuelewa. Tatizo ni kwamba hapa pana nafasi ya kidole cha mume tu. Hapana nafasi ya dada, wala ya mama mzazi, wala ya jirani." Aliyasema hayo akiitazama kompyuta, si uso wa Theluji. Kisha akainama karibu na tundu la kioo cha dirisha. "Sikiliza. Pumzisha mikono. Usiguse sabuni wala dawa yoyote. Paka mafuta. Rudi Ijumaa ya wiki ijayo. Hiyo ndiyo siku ya mwisho, kwa sababu ukianza kazi Jumatatu kabla ya kuweka kidole, faili lako litajifunga lenyewe, na mimi sina ufunguo wake."

Theluji akarudi nyumbani akiyakariri maneno hayo kama mwanafunzi anayekwenda kwenye mtihani.

Jirani yake wa mlango wa pili, ambaye wote walimwita Mama Pacha, alipoyasikia alishika kiuno.

"Eti nini? Usiguse sabuni? Na nepi atafua nani, huyo karani?"

"Ndilo linaloniumiza kichwa."

"Lete hizo nepi. Na vyombo lete. Nitakufanya bibi harusi siku hizi zote, kisha nitakudai." Akafikiri kidogo. "Kwani si unipeleke mimi nikaweke kidole? Changu kina mistari kama shamba lililolimwa."

"Wanataka mume, mwenzangu."

"Basi nitavaa suruali!"

Walicheka mpaka mtoto akaamka.

Ikawa hivyo. Mama Pacha alifua, naye Theluji alikaa kando akiwa amefumbata mikono kama mgeni ugenini. Kukaa bure kulimchosha kuliko kazi. Alimwona jirani yake akikamua nepi ovyo ovyo, maji yakibaki nusu ndani ya kitambaa, naye akaumeza ulimi wake, akajikaza kisabuni, akapaka mafuta.

Ngozi ikaanza kurudi. Ilirudi ikiwa kavu na ngumu kidogo, na penye ncha za vidole palitokea mikunjo midogo midogo inayokwaruza. Mtu mwingine angeruka kwa furaha. Theluji hakufurahi hata chembe. Katika kazi yao, kidole kinachokwaruza ni aibu. Kinanasa uzi wa hariri, kinachana pazia jepesi, kinaharibu nguo ya mtu ambayo hata ukifanya kazi mwaka mzima huwezi kuilipa. Kila asubuhi msimamizi wao hupitisha kiganja chake juu ya vidole vya kila mfanyakazi, na yule atakayekwaruza hupelekwa kwenye mablanketi na magunia. Kwa hiyo kila dobi pale ana jiwe lake jepesi, lile ambalo watu wengine husugulia visigino, naye husugua vidole kabla ya kazi kama watu wanavyopiga mswaki. Theluji alikuwa amefanya hivyo miaka yote, wala hakuwahi kulifikiri kuwa ni jambo la kumwambia mtu.

Ijumaa ile alfajiri ilipopambazuka alimwogesha mtoto. Alipompangusa shavu, kidole chake kikamkwaruza, mstari mwekundu ukatokea, na mtoto akalia kwa uchungu.

"Pole, mama yangu, pole," akambembeleza. Kisha akavitazama vidole vyake kwa hasira. "Mikono gani hii ya kwenda nayo kwa watu?"

Yeye alikuwa ameyaelewa maneno ya karani kwa namna yake. Mtu anayeambiwa apumzishe mikono na apake mafuta anaambiwa mikono yake ilainike. Na ile mashine, kitu cha kioo na cha thamani, bila shaka ilitaka vidole laini kama hariri inavyotaka. Akalitoa jiwe lake chini ya kitanda. Hakutumia sabuni, hata tone. Sharti alilopewa alilishika. Akasugua kwa maji matupu, kidole kimoja baada ya kingine, taratibu, mpaka vyote vikateleza. Akajaribu kwenye shavu la mtoto. Mtoto akacheka. Theluji akatoka nyumbani akiwa na moyo mweupe.

Karani alimkumbuka. "Karibu, mama. Leo tunamaliza."

Akaweka cha shahada. Taa ikawaka nyekundu.

Akaweka cha gumba, kisha cha kati. Karani akakifuta kioo kwa mkono wa shati lake, akamwambia arudie vyote. Kimashine kililia kila mara.

"Mama, uligusa sabuni?"

"Sijagusa hata povu, kaka. Naapa kwa huyu mtoto."

Karani akanyoosha mkono kupitia tundu la dirisha, akakishika kidole chake na kukigeuza penye mwanga. "Mbona vinang'aa hivi?"

"Nilivisugua asubuhi," akajibu kwa fahari kidogo. "Kwa jiwe. Ili visikwaruze kioo chako."

Karani akakiachia kidole. Safari hii hakuna aliyecheka kwenye foleni.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "ule mkwaruzo ndio mashine inausoma. Ile mistari. Ndiyo tuliyokuwa tunaingoja."

"Hukuniambia."

"Sikujua kwamba kuna watu wanaosugua vidole."

"Nami sikujua kwamba kuna watu wasiosugua."

Karani akamwita mkubwa wake. Akaja mama mtu mzima mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, akavitazama vile vidole, akamtazama mtoto, akauliza, "Mume hayupo?"

"Hayupo."

"Pole sana, mwanangu." Akamshika bega, akaondoka.

Theluji akabaki amesimama. Alitafuta mtu wa kumkasirikia asimwone. Wote walikuwa wapole. Mjamzito mmoja alimpisha kwenye benchi. Karani alimjaribu tena baada ya kila mteja, kidole hiki na kile, mpaka dirisha likafungwa, na hata alipokuwa akifunga alisema samahani. Angegombezwa, angepata la kujibu. Alimkaza mtoto mgongoni, akaenda zake.

Jumatatu akarudi kazini. Mama Pacha alikuwa na vibarua vyake na watoto wake wawili. Hakuwa wa kuombwa zaidi. Theluji akamlaza binti yake ndani ya kapu la mashuka, nyuma ya mashine za kukaushia, mahali ambapo mvuke ulikuwa hafifu kidogo. Akaenda kupanga mstari na wenzake. Msimamizi akapita, akapitisha kiganja chake juu ya vidole vyake, akasimama.

"Mnaona? Likizo yote hiyo, na mikono bado hariri tupu! Theluji, nenda kwenye shela za maharusi."

Wenzake wakapiga makofi. Akaipokea shela ya kwanza, ndefu, nyepesi kama pumzi, akaizamisha majini na kuinyanyua kwa ncha za vidole vile vilivyoteleza. Hapo ndipo mtoto alipoanza kukohoa nyuma ya mashine. Shela iliyolowa haiwekwi chini, wala haiachwi ining'inie, la sivyo itachanika kwa uzito wa maji yake. Theluji akasimama nayo mikononi, maji yakichuruzika hadi viwikoni, akikisikiliza kile kikohozi, akingoja shela ikauke kidogo ili aweze kwenda.

Ewe uliyeisoma hadithi hii, usiiache ilale kwako. Yupo dobi mjamzito, yupo mwosha vyombo, yupo mpiga deki anayelea peke yake na ambaye hajui kusoma. Msomee. Kisha mwombe naye amsimulie mwenzake, na wa kwanza kusimuliwa awe yule anayekaa nyuma ya dirisha.