Mstari wa Bwana Rugamba

Jumanne asubuhi, chai yake ya maziwa ikiwa bado ya moto, Bwana Rugamba alifuta jina la Mutoni kwenye ukurasa wa kwanza wa programu. Hakulifuta kwa ubaya. Ukurasa ulikuwa umejaa mno, nembo imebanwa pembeni, na Ijumaa programu hiyo ilikuwa inakwenda kushindania tuzo ya ubunifu. Rugamba, mkuu wa kituo kidogo cha utafiti kilichokodi ghorofa juu ya ghala la magodoro huko Masoro, alitaka majaji waone kitu safi. Likabaki jina moja, lake, na kwa kweli ukurasa ulipendeza.

Programu iliitwa Reba, yaani "tazama". Kazi yake ni kuonyesha yanayotokea protoni zinapogongana ndani ya mtambo mkubwa uliofukiwa chini ya ardhi kule Ulaya. Ukifungua mgongano mmoja, chembe zilizoruka huchorwa kama nyuzi za rangi, nyingine zimenyooka, nyingine zimepinda. Kisha Reba hujumlisha kila kitu. Hesabu ikikataa kulingana, maana yake kuna kitu kimeondoka bila kuonekana, na Reba huchora mstari mwekundu wa vipande vipande kuelekea upande kilikokwenda. Mutoni ndiye aliyeiandika yote, sehemu kubwa akiwa na mtoto mgongoni.

Rugamba akafungua mgongano mmoja ili ajaribu. Nyuzi zikatawanyika vizuri. Halafu mstari mwekundu ukachomoza, ukafika ukingoni mwa skrini, ukaendelea. Ulipita juu ya kikombe cha chai, vipande virefu kama vidole vikielea hewani kimoja baada ya kingine, ukaishia kwenye kifungo cha shati lake, kifuani. Haukuuma. Ulimgusa tu, kama mtu anayetaka kukuuliza jambo.

Rugamba akasogeza kiti kushoto. Mstari ukasogea kushoto. Akamwita Mutoni.

Mutoni aliangalia skrini, akaangalia kifua cha bosi wake, akabonyeza hapa na pale.

"Bosi, programu iko sawa. Inasema kuna kitu kimeenda bila kuonekana."

"Kimeenda wapi?"

"Hapo umekaa."

"Basi utoe. Niko na kikao."

"Turudishe ukurasa wa kwanza vile ulikuwa. Utatoka wenyewe."

Rugamba akautazama ukurasa. Nembo sasa ilikuwa imekaa katikati, kwa raha zake.

"Acha kwanza tupite Ijumaa," alisema. "Unajua majaji, sha. Hawapendi maneno mengi."

"Yego, Bosi," alikubali Mutoni. Alipotoka alifunga mlango polepole sana, na Rugamba akatamani angeubamiza.

Jioni aliendesha gari kwenda kwake Gatsata, na mstari ukamfuata, ukirefuka kutoka dirisha la ofisi juu ya mapaa na mabonde, ukapenya kioo cha gari bila kukikwaruza. Askari wa barabarani alimsimamisha, akamwambia afunge kitambaa chekundu kama wanavyofanya wenye kubeba mbao ndefu. Rugamba akamwonyesha kwamba mstari wenyewe ni mwekundu tayari. Akaruhusiwa kupita.

Mkewe, Mukankusi, alikuwa jikoni mstari ulipoingia kupitia ukutani, juu kidogo ya jiko.

"Baba Gwiza, hii itakaa?"

"Mpaka Ijumaa."

"Basi usigeukegeuke," alisema, akaanika juu yake vitambaa vya kufutia vyombo.

Kesho yake akina mama wa njia nzima ulikopita mstari walikuwa wameanika soksi, moja kwa kila kipande, maana suruali zilianguka penye mapengo. Haikufika mchana mkuu wa mtaa mmoja akapiga simu, kwa heshima zote, kukumbusha kwamba nguo haziruhusiwi kuanikwa mahali zinapoonekana kutoka barabarani. Rugamba akaomba radhi kwa niaba ya mstari. Hakuna aliyemuuliza umetokana na nini. Hilo ndilo lililomkera. Watu waliutazama, wakaufuata kwa macho mpaka kwenye kifua chake, wakasema "ahaa", wakaendelea na shughuli zao.

Alhamisi alikwenda Nyakabanda kushonesha koti la sherehe kwa fundi Usumani, ambaye babu yake alitoka pwani na cherehani kichwani.

"Mzee, koti nilitoboe tundu hapa kifuani, au mstari unapita wenyewe?" aliuliza Usumani.

"Unapita, lakini koti linavimba."

"Basi nitatoboa, nilizungushie uzi wa hariri." Usumani akazunguka nyuma na tepu yake, akapapasa mgongo wa mteja. "Huku haujatokeza."

"Utokeze kwa nini?"

"Nasema tu. Umeingia, haujatoka. Hicho kinachofuatwa na mstari, mzee wangu, bado unacho wewe."

Rugamba akahisi masikio yakimwaka. Akauliza kama kuna bitana ya bluu.

Ijumaa ukumbi wa hoteli ulijaa. Mstari ulikatiza meza zote usawa wa nyuso za waliokaa, na Connie, msimamizi wa sherehe, akaomba mtu mmoja wa ofisi yao atembee kando yake na kuwaonya wageni. Rugamba akamtuma Mutoni. Mutoni, ndani ya umushanana, vazi la sherehe alilovaa kwenye harusi ya dada yake, alipita meza hadi meza akisema, "Samahani, inama kidogo. Samahani."

Jina la Rugamba likatajwa. Alipanda jukwaani, akapokea kikombe cha kioo, akasimama mbele ya kipaza sauti. Katikati ya ukumbi alimwona Mutoni akimshikia mgeni mmoja sahani ili apate kuinama.

"Programu hii," alianza, "haikutengenezwa na mimi."

Mstari ukapauka. Vipande vilivyokuwa karibu na kifua vikaanza kufutika kimoja kimoja, na Rugamba akahisi wepesi wa mtu aliyevua viatu vinavyobana. Mutoni akainua kichwa.

"Bwana," mgeni rasmi akasema kutoka kiti cha mbele, "usiuache ufutike! Ndio unaopendeza."

Watu wakapiga makofi.

"Haikutengenezwa na mimi peke yangu," alisema Rugamba. "Ilitengenezwa na kituo kizima, chini ya uongozi wangu."

Mstari ukarudi, mwekundu kuliko mwanzo. Mpiga picha akamwomba yule dada asogee, anauziba. Mutoni akasogea.

Jumatatu wakuu wa ofisi nyingine za Masoro wakaanza kupiga simu. Walitaka mistari kama wa mwenzao. Rugamba akamuuliza Mutoni kama anaweza kuitengeneza.

"Haina haja ya kutengeneza," alisema Mutoni. "Watume tu kurasa za kwanza za miradi yao."

Wakazituma. Mutoni alizifungua ndani ya Reba huku akila sambusa, na kila mkuu akapata wake. Eddie, mkuu wa kampuni ya kuchora ramani, alipata mingi hata akafanana na nungunungu, akaalika watu kusherehekea.

Sasa mistari imetanda kila ofisi, na hakuna anayeanika nguo juu yake. Iko chini kidogo, usawa wa kifua cha mkubwa aliyeketi, kwa hiyo asubuhi wafanyakazi wa Masoro huingia kazini wakiwa wameinama.